Viungo vya Sababu Katika Mpaka wa Momba

Chitete, penye makao makuu ya Wilaya ya Momba katika Mkoa wa Songwe, hapatajwi sana katika vitabu vya historia. Wilaya yenyewe ilianzishwa mwaka 2012, na mkoa ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Katika wilaya hiyo ndimo ulimo Tunduma, mji wa mpakani ambao barabara kuu na reli ya TAZARA hupitia kuingia Zambia. Wanyamwanga wakaao pande hizo wana ndugu zao ng'ambo ya mpaka. Wanazikana, wanaoana na kuuziana mahindi. Lakini kwa zaidi ya miaka mia watoto wao wamefundishwa kutoa sababu kwa lugha mbalimbali, na katika tofauti hiyo imo historia inayostahili kuangaliwa.

Kijana wa Chitete aingiapo kidato cha kwanza huacha masomo ya Kiswahili aliyoyazoea na kukutana na masomo ya Kiingereza. Miongoni mwa maneno madogo yanayomngoja ni haya manne: "because", "since", "as" na "for". Akiuliza maana yake, jibu lililo jepesi ni moja kwa yote manne, yaani "kwa sababu". Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Mwenye nyundo, msumeno, patasi na randa hawezi kumwambia mwanagenzi kuwa vyote ni vyombo vya seremala kisha akamwachia ubao. Kila chombo kina kazi yake, na kila kimoja kati ya viungo hivi kina asili yake na mahali pake pa kukaa.

"Because" ni mgeni wa nusu. Mwaka 1066 Wanormani waliiteka Uingereza wakaja na Kifaransa chao, na kwa muda wa karne kadhaa lugha hiyo ikatawala mahakama na majumba ya wakubwa. Neno la Kifaransa lenye maana ya sababu likaingia katika Kiingereza, likaunganishwa na neno dogo la kienyeji lenye maana ya "kwa", na kufikia karne ya 14 viwili hivyo vilikuwa vimekwisha shikamana. Kwa hiyo "because" kwa asili yake si kitu kingine ila "kwa sababu". Waswahili walifanya vivyo hivyo: walichukua neno la Kiarabu wakalitanguliza "kwa" yao ya Kibantu. Na neno hilo la Kiarabu lina siri yake, maana katika Kiarabu cha kale "sababu" ilikuwa kamba, ile ambayo mtu huishika ili akifikie kitu kilicho mbali naye. Asemaye "kwa sababu" amejifunga kwa kamba ya kale bila kujua.

"Since" halikuanza kuwa neno la sababu. Lilianza kuwa neno la wakati, lenye maana ya "baada ya hapo" au "tangu". Watu waliposema kwamba jambo fulani lilikuwa tangu jingine lilipotokea, masikio yakazoea kusikia kuwa la kwanza ndilo lililolizaa la pili. Hata leo neno hilo lina sura mbili. Mwingereza akisema kwa kiungo hicho kuwa mzee alipoondoka kijiji kilitulia, msikilizaji hana hakika kama anaambiwa habari za wakati au anaambiwa kuwa mzee ndiye aliyekuwa chanzo cha fujo. "As" nalo lilianza kuwa neno la namna, yaani "kama" au "vile", na ni ndugu wa tumbo moja na lile neno la Kiingereza lenye maana ya "pia". "For" ni la zamani kuliko "because" katika kazi hiyo, na katika Kiingereza cha kale lilikuwa sehemu ya kifungu kirefu kilichomaanisha "kwa ajili ya hilo kwamba". Siku hizi ni neno la vitabuni zaidi kuliko la sokoni.

Anayevitazama viungo vya Kiswahili ataona ya kuwa havikukosa njia hizo. "Kwa sababu" limetokana na jina la sababu yenyewe, kama "because". "Maadamu" limetoka katika maneno ya Kiarabu yenye maana ya "muda wote ambapo", nalo likahama kutoka katika wakati hadi katika sababu, kama "since" lilivyohama. "Maadamu umefika, keti tule," husema mwenyeji, wala hamwelezi mgeni habari za saa. "Kwa vile" limetoka katika namna, kama "as". "Maana" na "kwani" hukaa pale akaapo "for", yaani nyuma ya neno lililokwisha semwa, kulieleza au kulithibitisha. Lugha mbili zisizo na udugu wala ujirani zimepita katika vijia vilevile, kwa kuwa wanadamu wote huanza kwa kuona jambo likifuata jambo, ndipo baadaye wanapouliza ni lipi lililolileta jingine.

Sasa yafaa kuonyesha kazi ya kila kimoja. "Because" hujibu swali. Mtu akiulizwa kwa nini hakulima, hujibu kwa "because", na sababu aitoayo ni habari mpya kwa aliyeuliza. "Since" na "as" hazijibu swali la namna hiyo. Hizo huchukua jambo ambalo msemaji analihesabu kuwa limekwisha julikana na kukubaliwa, na aghalabu hutangulia mwanzo wa sentensi, ili lile lifuatalo lisimame juu yake kama nyumba juu ya msingi. "As" ni nyepesi zaidi ya "since", na kwa wepesi huo ni rahisi kupita bila kuonwa. "For" haliwezi kutangulia. Hungoja msemaji amalize neno lake, kisha humpa haki ya kulisema.

Tofauti ya mwisho hii ndiyo inayowaponyoka wengi, nayo Kiswahili huionyesha vizuri. Mtu atokaye nyumbani asubuhi akiona njia ina tope husema, "Mvua ilinyesha usiku, maana njia imelowa." Hakuna asemaye, "Mvua ilinyesha usiku kwa sababu njia imelowa," kwani njia haileti mvua. Kulowa kwa njia ni dalili tu, ambayo kwayo msemaji amepata kujua. Wahenga waliposema kuwa pafukapo moshi pana moto, walijua vema kuwa moto ndio sababu ya moshi, na moshi ni sababu ya mtu kusema kuwa pana moto. "Because" ni la moto. "For" ni la moshi. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa maneno hayo mawili ni kitu kimoja amefundishwa pia, bila ya mwalimu kukusudia, kuwa dalili na chanzo ni kitu kimoja. Hilo ni kosa la fikira zaidi kuliko kosa la sarufi.

Mambo haya yalifikaje Momba? Tarehe 1 Julai mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa kugawana nchi, na mstari ukapita baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ikaja kuupima mstari huo juu ya ardhi. Wanyamwanga wakajikuta wamepasuliwa. Upande wa kusini, Mwenzo, Kanisa Huru la Uskochi lilikuwa limekwisha fungua misheni, na vijana wake wenye akili walipelekwa Livingstonia, katika nchi iitwayo leo Malawi, ambako chuo cha Overtoun kilifundisha kwa Kiingereza. Upande wa kaskazini, Wamoravia walifika Mbozi mwaka 1899, na mmisionari wao Traugott Bachmann akajifunza Kinyiha na kukiandika. Serikali ya Kijerumani nayo ikatumia Kiswahili katika shule zake na katika barua za maakida wake.

Haukupita muda mrefu matunda ya Kiingereza cha Livingstonia yakaonekana. Mwaka 1912 Donald Siwale, mwalimu wa Kinyamwanga, pamoja na David Kaunda na wenzao wachache, walianzisha pale Mwenzo chama cha ustawi wa wenyeji, ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha namna yake katika Rhodesia ya Kaskazini. Vita Kuu ikalifanya eneo hilo la mpakani kuwa uwanja wa mapigano, na chama kikazimika. Mwaka 1923 kikafufuliwa. Miongoni mwa mambo waliyoyajadili wanachama hao ilikuwamo kodi. Hawakuwa na bunduki wala kura. Walichokuwa nacho ni uwezo wa kumwandikia mtawala kwa lugha yake mwenyewe, na kumweleza jambo pamoja na sababu zake. Anayemwambia mtawala kuwa kodi ni nzito amelalamika tu. Anayemwambia kuwa kodi ni nzito kwa sababu hizi na hizi amemlazimisha kujibu, walau moyoni mwake. Ndipo ionekanavyo kuwa kiungo kidogo cha sababu kilikuwa, kwa watu wale, chombo cha siasa kabla vyama vya siasa havijazaliwa.

Kaskazini mwa mpaka mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya vita, walikuta Kiswahili kimekwisha tia mizizi, nao wakakiacha kiwe lugha ya madarasa ya chini, huku Kiingereza kikitawala madarasa ya juu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili, ikichukua Kiunguja kuwa msingi. Vitabu vya shule vikapita mikononi mwake, na kwa hivyo hata namna ya kuandika "kwa sababu" na "kwa kuwa" ikawa moja kutoka Tanga hadi Tunduma. Mtoto wa Kinyamwanga aliyekuwa na viungo vyake vya nyumbani akapewa viungo vya Kiunguja shuleni, na mmoja katika wengi akavuka kwenda kupewa vya Kiingereza.

Baada ya uhuru mpaka ulizidi kuonekana katika vinywa vya watoto. Mwaka 1966 sheria ya elimu ya Zambia ilikifungulia Kiingereza njia ya kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1967 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Watoto wawili wa ukoo mmoja, mmoja Nakonde na mwingine Tunduma, waliweza kuulizwa siku moja kwa nini mahindi hunyauka, mmoja akatakiwa aseme "because", mwingine "kwa sababu". Yule wa Tunduma alijibu kwa urahisi zaidi, maana lugha aliyoulizwa ilikuwa sokoni, kanisani na njiani; lakini ngazi yake ilikatika ghafula alipofika sekondari. Yule wa Nakonde ngazi yake haikukatika, ila vipago vyake vya kwanza vilikuwa juu mno. Zambia yenyewe ililiona hilo, na sera yake ya mwaka 1996 ikaruhusu watoto waanze kujifunza kusoma na kuandika kwa lugha zao. Tanzania nayo iliiona hitilafu yake. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri mwaka 1982 kuwa Kiswahili kipandishwe hadi sekondari, na serikali haikuukubali ushauri huo. Mwaka 1984 wachunguzi Criper na Dodd walikuta kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo yao.

Kutotosha huko hakupimwi kwa wingi wa maneno tu. Mwanafunzi aweza kukariri majina ya mifupa yote ya mwili, na bado asiweze kusema kwa Kiingereza kuwa jambo hili ni chanzo cha lile, na lile ni dalili ya hili. Majina huonyeshwa kwa kidole au kwa picha. Sababu haionyeshwi kwa kidole. Makao yake ni katika viungo peke yake. Ndiyo maana aliyepungukiwa na viungo huonekana mjinga mbele ya mtahini, hali akiulizwa jambo lilelile kwa Kiswahili hulieleza mpaka msikilizaji akatosheka.

Hatari nyingine ni ya aliyepewa sababu na mwingine. Mfano wake mzuri umo katika tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Baada ya kumwua Caesar, Brutus anasimama mbele ya umati wa Roma kujieleza. Shakespeare anamtilia kinywani sababu nne zilizopangwa kama ngazi, na kila moja inafunguliwa na "as" ileile. Ya kwanza ni upendo wa Caesar, nayo inafuatwa na machozi. Ya pili ni bahati yake, nayo inafuatwa na furaha. Ya tatu ni ushujaa wake, nayo inafuatwa na heshima. Watu wanakubali zote tatu, na hakuna ubishi ndani yake. Ya nne ni tamaa yake ya ukuu, nayo inafuatwa na kifo. Umati unaikubali pia, kwa kuwa imeingia kwa mlango uleule walioingilia zile tatu za kweli. Kama Brutus angetumia kiungo kinachojibu swali, labda mtu mmoja angaliuliza: je, ni kweli kuwa alikuwa na tamaa hiyo? "As" halikuwapa nafasi ya kuuliza, maana lenyewe hulichukua jambo kuwa limekwisha kubaliwa. Anapokuja Antony, kazi yake yote ni kuirudisha sababu ile ya nne mahali pa swali, na mara tu anapofanikiwa, mji unawaka moto.

Viungo vya kuchukulia jambo kuwa limekubaliwa si vibaya kwa asili. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 huanza utangulizi wake kwa "kwa kuwa", na ndivyo ifaavyo, maana misingi ya taifa si mahali pa kujibu swali la mpita njia. Ni mahali pa kutangaza yale ambayo raia wote wameyashika. Ubaya huja pale ambapo kiungo hicho hutumiwa juu ya jambo ambalo halijathibitishwa, mbele ya mtu asiyeweza kulitambua.

Mahakamani ndipo panapoonyesha uzito wake. Kwa miaka mingi mkulima wa Momba aliyegombania shamba alisikilizwa kwa Kiswahili katika mahakama ya mwanzo, lakini rufani yake ilipopanda juu, kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Hukumu si neno la kushinda au kushindwa tu. Hukumu ni sababu. Mwenye shamba aliyeambiwa na mkalimani kuwa ameshindwa hakupata hukumu yake kamili mpaka aelewe ni lipi ambalo hakimu alilipima na kulithibitisha, na ni lipi alilolichukua tu kuwa linajulikana. Lile la kwanza likiwa na kosa, rufani hubishania ushahidi. Lile la pili likiwa na kosa, rufani huuliza ni nani aliyelikubali. Mkalimani aliyegeuza "because" na "since" kuwa "kwa sababu" moja alikuwa amemfichia mkulima mlango mmoja kati ya miwili.

Na si Kiingereza tu chenye mitego. Shahidi akisema, "Hakumpiga kwa sababu alikuwa amelewa," amesema nini? Huenda hakumpiga kabisa, na ulevi ndio uliomzuia. Huenda alimpiga, ila ulevi sio uliomsukuma. "Because" lina mtego huohuo, sauti kwa sauti, kwani kukanusha hulikumba tendo na sababu pamoja. Lakini shahidi akisema, "Kwa kuwa alikuwa amelewa, hakumpiga," mtego umefunguka. Sababu imetangulia, imekaa peke yake, na kukanusha hakuifikii. Katika kesi ya kupiga, kuhamisha kiungo kutoka katikati kwenda mwanzo kwaweza kuwa ndiko kutengako kifungo na uhuru. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama za Tanzania, isipokuwa pale haki itakapohitaji Kiingereza. Badiliko hilo limemkaribisha mkulima katika hukumu yake mwenyewe. Halikumwondolea hakimu wala wakili wajibu wa kuchagua kiungo kwa uangalifu, maana Kiswahili nacho kina mlango wa mbele na mlango wa uani.

Kutokana na hayo yote, ni wazi kuwa kijana wa Chitete hana haja ya kuchagua kati ya viungo vya Kiswahili na vya Kiingereza kana kwamba moja ni mali na jingine ni mzigo. Anapoanza sekondari tayari amekwisha beba hesabu yote anayohitaji. Anajua kwamba "kwa sababu" hujibu, "maadamu" na "kwa vile" huchukulia, na "maana" hufuata nyuma kuonyesha moshi. Anajua hata kuwa "kwani" likitangulia sentensi huacha kutoa sababu na kugeuka kuwa swali la kudai sababu, kama mtu asemaye, "Kwani wewe ni nani?" Mwalimu akianzia katika elimu hiyo ya nyumbani, viungo vinne vya Kiingereza vitakaa mahali pake kwa muda mfupi. Akiipuuza, atafundisha orodha ya maneno, na orodha husahauliwa mtihani upitapo.

Siwale na wenzake walipokutana Mwenzo mwaka 1912, hawakujifunza Kiingereza ili wasahau kuwa ni Wanyamwanga. Walikishika kama mtu ashikavyo kamba ya kisima, kwa haja ya maji. Mpaka wa mwaka 1898 ungalipo, na malori yangali yakipanga foleni Tunduma. Lakini haki ya kuuliza kwa nini, na ya kupewa jibu linaloweza kupimwa, haina upande wa mpaka. Mwenye kuijua tofauti ya sababu iliyothibitishwa na sababu iliyopitishwa kimyakimya ameishika kamba hiyo mwenyewe, na mwenye kuishika kamba mwenyewe hangojei kuchotewa.